Duka Lililoziba Njia ya Mama Mkwe

Kabla sijawa na duka langu nilifanya kazi miaka kadhaa Tororo, kwa mzee mmoja Mwislamu aliyeuza nguo, vyombo na vipuri vya baiskeli. Nilikuwa nimemaliza sekondari, najua hesabu na Kiingereza cha kuandikia barua, na nilidhani yeye ndiye aliyebahatika kunipata. Ilikuwa kinyume. Mzee yule alinifundisha kwamba duka huanza na miguu ya watu, bidhaa hufuata baadaye. Jumamosi alinituma nikasimame kwenye kona fulani ya mji, nisifanye lolote ila kutazama watu wanakwenda wapi wakiwa mikono mitupu na wanarudi kutoka wapi wakiwa na mizigo. Jioni aliniuliza, "Umeona nini, kijana?" Nikijibu kwamba nimeona watu wengi, alinirudisha Jumamosi iliyofuata.

"Watu wengi hata mazishini wapo," alisema. "Mimi nataka wale wanaopita na haja."

Somo hilo nililishika, na ninalitaja mapema ili msomaji asidhani nilijenga ovyo. Mahali pa duka langu la kwanza nilipachagua kwa akili zangu zote. Mhindi angejenga pale akatajirika. Mwarabu angejenga pale akatajirika. Palikuwa mahali pazuri kwa kila mtu duniani isipokuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, na kila mkutano tuliambiwa kwamba sasa sisi wenyewe tufungue maduka. Shilingi ilikuwa moja pande zote mbili za mpaka. Mtu wa Bulumbi, kijiji cha upande wa Uganda, aliweza kuamka, akaenda soko la Busia, akavuka upande wa Kenya kutafuta sufuria au shuka, akarudi kwake kabla ya jua kuzama bila kuulizwa maswali mengi. Haja zilikuwa nyingi na maduka ya vijijini machache.

Mke wangu ni wa Bulumbi. Mimi ni wa Mella, ng'ambo ya Tororo. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa lugha ya mama yangu yeye hakuijua, na ya kwao mimi niliisikia nusu nusu. Nilipokwenda kwao mara ya kwanza kupeleka ng'ombe wa mahari, wenzangu walitazama ng'ombe. Mimi nilitazama njia. Kijiji kilikaa juu ya kilima. Chini yake palikuwa na kinamasi kipana kilichojaa mafunjo, na katikati ya kinamasi lilipita tuta la udongo hadi barabara kuu. Yeyote aliyetoka kilimani kwenda soko la Busia, kanisani, zahanati au kusubiri basi, alipita kwenye tuta hilo, na alirudi kwa tuta hilohilo. Na pale tuta lilipokutana na barabara palikuwa na kiwanja kitupu.

Baba yangu alinionya. Alisema mwanamume hajengi ukweni. Nilimjibu kwamba duka si nyumba, ni kama ofisi, na ofisi haina ukwe. Baba hakuwa na shule ya kubishana na neno hilo, akaacha. Mke wangu aliuliza swali moja tu.

"Mlango wake utatazama wapi?"

Nilimwambia utatazama tuta, ili mtu asipite bila kumwona mwenye duka.

"Na mama?"

"Mama atakaribishwa kama mteja mwingine yeyote," nilisema.

Aliinuka akaenda kukoroga uji, na uji wenyewe nadhani ulikuwa umekwisha kuiva.

Kwa wale ambao hawakulelewa na desturi yetu, nieleze. Kwao mke wangu, kama kwetu, mwanamume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Si uadui. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Ukimwona anakuja njiani, unaingia shambani mpaka apite. Akikuona yeye kwanza, yeye ndiye anayeacha njia. Tena mama mkwe si mtu mmoja. Dada zake, wake wenzake, wake za ndugu wa baba mkwe, wote ni mama mkwe, na kilima kile kilikuwa kimejaa ukoo mmoja. Mambo haya niliyajua tangu utoto. Lakini niliyaweka kwenye fungu la harusi na misiba, mambo ya nyumbani. Sikuwaza kwamba yatanifuata mpaka kwenye mizani.

Nikajenga. Matofali mabichi, mabati mapya, meza ndefu ya kuuzia, na mlango mpana uliotazama tuta sawasawa. Bidhaa nilizileta kutoka Tororo kwa basi, na nyingine kwa baiskeli. Siku za mwanzo nilijiona mwerevu. Wanaume walikuja kununua sigara, wembe, viraka vya mipira ya baiskeli. Wasichana walikuja kununua mafuta ya nywele na biskuti. Lakini chumvi haikutoka. Sabuni ya mche haikutoka. Mafuta ya taa yalikaa kwenye pipa. Wanawake watu wazima, wale wanaojua ndani ya nyumba kimepungua nini, sikuwaona. Gunia la chumvi lilivuta unyevu wa kinamasi likawa gumu, nikawa naivunja kwa nyundo.

Nikaanza kutafuta sababu, na kila sababu niliyoipata ilikuwa ya watu wengine. Nilipunguza bei. Nikanunua santuri na sahani chache za muziki, nikawa napiga asubuhi. Halafu nikaweka benchi nje, nikakaa juu yake ili nimsalimie kila mpita njia. Benchi lile ndilo lililomaliza mambo. Zamani nilikuwa ndani, angalau nyuma ya meza. Sasa nilikuwa nje, mchana kutwa, macho yangu yakitazama tuta kama mtu aliyeajiriwa kulilinda.

Mara nyingine, mbali upande wa kusini, niliona vikapu vikisogea juu ya mafunjo, kikapu kimoja nyuma ya kingine, bila kuona vichwa vilivyovibeba. Nilidhani ni watu wanaokata mafunjo ya kusuka mikeka. Nilisema moyoni kwamba watu wa huku ni wachapakazi.

Nilimwambia mke wangu kwamba watu wa kwao hawanipendi kwa kuwa ni mgeni.

"Wanakuheshimu," alisema.

Nilidhani ni maneno ya kunituliza tu. Leo najua alikuwa ananieleza jambo lote kwa neno moja. Kusema zaidi ya hapo asingeweza, kwa sababu mambo ya mume na mama mkwe ni aibu kuyataja, na aliyepaswa kuyaona bila kuambiwa ni mimi.

Mvua za masika zikaja. Siku moja alasiri, duka likiwa na wanaume watatu wanne wanaokwepa manyunyu, aliingia kaka mkubwa wa mke wangu, suruali ameikunja mpaka magotini, matope mpaka mapajani. Hakunisalimu.

"Shemeji, mama ameanguka."

Niliuliza wapi.

"Kivuko cha chini. Na kikapu cha mtama kichwani. Nyonga imeumia, hawezi kusimama."

Nikauliza, kwa ujinga wa kweli, mama alikuwa anatafuta nini huko chini kwenye maji wakati tuta lipo.

Shemeji alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mlevi wa asubuhi. "Hata pale Busia," alisema, "askari wa mpaka huinua ule mti wa kuzuia njia, watu wakapita. Wewe umekaa hapa tangu asubuhi mpaka jioni, huinuki. Mama yangu apite wapi? Juu ya mabati yako?"

Mmoja wa wale wanaume alisema, "Kumbe shemeji wetu ndiye mti wa mpaka," na wote wakacheka. Jina hilo, Mti, liliniganda miaka mingi, na nililistahili.

Hapo ndipo nilipovielewa vile vikapu. Hakuna aliyehitaji kunieleza zaidi. Miezi yote ile, mama mkwe wangu na wenzake walikuwa wakishuka kilimani, wakiona mlango wangu kwa mbali, wakigeuka kusini kuvuka kwenye kivuko cha zamani, maji yakiwafika magotini wakati wa kiangazi na mapajani mvua inaponyesha. Walikwenda sokoni hivyo. Walikwenda kanisani hivyo, wameshika viatu mkononi.

Ningeweza kusema nilinyamaza kwa uchungu. Sikunyamaza. Watu walikuwa wanacheka, nami nilikuwa msomi mwenye duka.

"Mwambieni apite tu," nilisema. "Nitafumba macho."

Kicheko kilikatika. Yule aliyenipa jina la Mti alitazama chini. Shemeji alirudi nje kwenye mvua. Nimesema maneno mengi mabaya katika maisha yangu, mengine kwa watu walionikosea. Hilo nililisema juu ya mtu aliyekuwa amelala na nyonga iliyovunjika kwa sababu ya heshima yake kwangu, na lilifika kilimani kabla ya jioni.

Mke wangu alichukua mtoto wetu na nguo chache, akaenda kumuuguza mama yake. Hakusema atarudi lini, nami sikuthubutu kuuliza. Niliendelea kufungua duka siku chache, kwa kiburi, kisha kwa kukosa la kufanya. Halafu asubuhi moja mvua ikiwa kubwa na njia tupu, nilifunga mlango, nikajitwika nusu gunia la ile chumvi, nikaenda kwenye kivuko cha chini. Nilitaka kujua.

Maji yalikuwa ya baridi na hayaonyeshi chini. Mizizi ya mafunjo hulala chini ya maji kama kamba zilizotandazwa na mtu mwenye nia mbaya. Mkono mmoja unashika mzigo, mwingine unatafuta bua la kushikilia, na bua likikatika huna kitu. Nilianguka mara mbili, nami nilikuwa kijana mwenye miguu mizima. Nilipotoka upande wa pili gunia lilikuwa jepesi. Chumvi yote ilikuwa imeyeyuka. Nilikaa ukingoni nikacheka peke yangu, kisha sikucheka tena. Mama yule alikuwa amepita hapo kwa hiari yake, wiki baada ya wiki, bila kumwambia chifu, bila kumwambia kasisi, ili mimi nisivunjiwe heshima na njia isiwe na magomvi.

Nilirudi nikaamua kubomoa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kilimani nako walikuwa wakikaa kunijadili. Mke wangu alinisimulia baadaye. Kaka zake walitaka nitoe fahali, na walitaka dada yao abaki kwao mpaka duka liondoke. Kwa desturi walikuwa na haki, na kama mama mkwe angekubali nisingekuwa na la kujitetea. Ndoa yangu ilikuwa mikononi mwake siku hiyo. Yeye alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa kwa majani na vitambaa, akawaacha waseme mpaka wakamaliza.

Kisha akawauliza, "Fahali atamtoa wapi, na duka lenyewe linauza sigara tu?"

Wakasema nimemdharau.

"Amesoma," alisema, "lakini alisomea mbali. Nendeni mkambebee mabati."

Ndivyo nilivyowaona kaka wanne wa mke wangu wakija barabarani asubuhi, nikajua wamekuja kunipiga. Nilisimama mlangoni nikiwa na nyundo ya chumvi mkononi, sijui kwa kazi gani. Mkubwa wao alinipita, akapanda juu ya paa, akaanza kung'oa misumari. Kutoka juu akaniambia, "Sogea hapo chini, Mti, lisikuangukie." Ilikuwa mara ya kwanza kunitania tangu mama yake aanguke, na nilitaka kulia kwa furaha.

Mahali pa pili nilipachagua kwa kufuata somo la Tororo kinyumenyume. Safari hii nilitafuta mahali ambapo nisingeweza kuona tuta hata nikitaka. Nilipapata mbele kidogo, kuelekea Busia, nyuma ya ua mnene wa minyaa. Kutoka barabarani uliona paa tu. Mlango niliuelekeza upande mwingine kabisa. Nyuma, mke wangu alisema tuweke dirisha dogo lenye pazia la gunia, na kijia cha kufikia dirisha hilo kutoka barabarani bila kupita mbele ya mlango. Alirudi nyumbani wiki ileile, na safari hii sikubishana na swali lake hata moja.

Kuna jambo la wakati ule wa ujenzi ambalo sijapata kulisimulia vizuri. Udongo wa matofali unataka maji mengi, na kisima kilikuwa mbali. Kila asubuhi nilipofika nilikuta mapipa yamejaa. Sikuona aliyejaza. Nyayo zilikuwa nyingi kwenye matope, nyayo pana za wanawake watu wazima, zimekuja na zimerudi kabla sijatoka nyumbani. Nilimwuliza mke wangu niwashukuruje. Alisema nichelewe kufika. Basi nikawa nachelewa.

Mzee wangu wa Tororo alikuja kuliona duka lilipokamilika. Alizunguka ule ua wa minyaa mara mbili akitafuta mlango.

"Kijana," alisema, "hili ni duka au unaficha magendo?"

Nilimweleza habari yote. Alisikiliza, akavua kofia yake, akajikuna kichwa. Alisema kwamba miaka yote aliyokuwa akinisimamisha kwenye kona, hakuwahi kuniuliza mimi ni nani kwa wale wanaopita. Akanywa chai, akanunua kiberiti asichokihitaji, akapanda basi.

Duka lile lilinilisha mimi na watoto wangu. Likawaona wakienda shule, likaona shilingi zikigawanyika, ya Uganda kivyake na ya Kenya kivyake, na biashara ya mpakani ikigeuka kazi ya hesabu. Wanawake wa kilima kile ndio walioliweka hai. Walikuja dirishani, wakazungumza na ukuta, nami nikaujibu ukuta, na wanaume waliokuwa mbele wakinunua sigara walitusikia wakacheka mpaka wakazoea. Mama mkwe wangu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sikuwahi kumwona uso. Nyonga haikupona vizuri, alitembea na fimbo, na kila niliposikia fimbo hiyo nyuma ya duka nilikumbuka niliyoyasema. Hilo halikuniacha, na sidhani lilipaswa kuniacha. Lakini nikipima, shukrani ni nzito zaidi.

Siku yake ya kwanza kuja ilikuwa siku ya soko, mvua za vuli zimekwisha kuanza. Nilisikia fimbo ikigonga mawe ya kijia, ikisimama, ikigonga tena. Mke wangu alikuwa ndani pamoja nami, akaacha kufagia. Fimbo ikafika chini ya dirisha. Nikageukia ukuta mwingine, kama inavyotakiwa, ingawa gunia lilikuwa limeziba dirisha kabisa.

"Ukuta," ilisema sauti, "chumvi iko?"

Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Busia, kifupi, hakina mapambo. Nilijibu, "Ukuta, sema iko."

"Uliza kama si ile ya kuvunja na nyundo."

Mke wangu alifunika mdomo kwa mkono. Nilisema ni mpya, imekuja jana. Kikapu kidogo kikapita chini ya gunia, na mkono ukarudi haraka. Nilikishika kikapu nikashindwa kwenda kwenye mizani. Nilijua natakiwa kusema na ukuta, na nilijua ukuta haukuwa umeanguka majini.

"Mama," nilisema, "nisamehe kwa njia. Na kwa lile neno."

Nilidhani nimevunja jambo jingine tena, na kwamba ataondoka. Nilisikia akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na fimbo ikijiweka sawa.

"Ukuta," alisema, "mwambie mwenye duka apime haraka. Mimi iko na kilima ya kupanda." Fimbo ikagonga jiwe mara moja. "Lakini siku hizi si mbali. Siku hizi napita tuta."

Nikapima chumvi mpaka ukingo wa kopo, nikaongeza konzi moja juu yake, na mke wangu akaipitisha chini ya gunia.